Katuni za Kutisha: Je, ni za Watoto?

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kila filamu ya katuni ni mali ya watoto. Mzazi aonapo wanyama waliochorwa wakisema na kukimbia, humkalisha mwanawe mbele yao, kisha akaenda zake. Lakini je, ni wino na rangi vinavyoifanya kazi ya sanaa kuwa ya mtoto?

Tuchukue mfano wa Uingereza. Mwandishi Richard Adams aliwasimulia binti zake wawili, wakiwa safarini ndani ya gari, hadithi ya sungura waliokimbia makao yao yasiangamizwe pamoja nao na wanadamu. Ilichapishwa mwaka 1972 kwa jina la Watership Down, na mwaka 1978 ikatolewa filamu ya katuni. Sungura hao si yule mjanja wa ngano zetu: hufukiwa hai mashimoni, hunaswa mitegoni, huraruana hadi damu ikatapakaa. Hata hivyo, bodi ya kukagua filamu iliiruhusu itazamwe na watu wa rika zote, na si watoto wachache waliokua na hofu yake. Mwaka 2022, baada ya miaka 44, bodi ilibadili uamuzi, ikaiweka katika daraja la filamu zinazohitaji uangalizi wa wazazi.

Yuko atakayesema kwamba mtoto asionyeshwe kabisa jambo la kutisha. Sikubaliani naye. Bibi zetu walitutisha kwa mazimwi yaliyomeza watu, nasi tukawaomba watusimulie tena. Mtoto asiyesikia habari za kifo na uonevu hadithini atakutana navyo maishani bila silaha. Lakini bibi aliyasoma macho yetu: alipoona tumezidiwa, alipunguza sauti au akaanzisha wimbo. Binti za Adams nao walikuwa na baba yao ndani ya gari. Filamu haiyaoni machozi ya mtazamaji wake.

Kwa hiyo swali letu halijibiwi kwa kuikagua filamu peke yake. Hofu humfaa mtoto pale anapokuwapo mtu mzima wa kumsaidia kuibeba. Wahenga walinena: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi sisi wazazi na walimu tuketi pamoja na watoto, tuwaulize wameona nini, na watuulizapo, tuwajibu.