Wote Tumezaliwa Tarehe Moja Januari

Zoezi letu la kwanza katika darasa la programu hapa Kakuma lilikuwa jepesi: andika programu inayouliza jina na tarehe ya kuzaliwa, kisha iwapange wanafunzi kwa mwezi. Tulikuwa 14. Programu ikawapanga 11 wote mwezi wa kwanza, tarehe moja. Mwalimu, kijana mgeni kutoka Nairobi, alikaa karibu nusu saa akitafuta kosa ndani ya mistari yetu. Sisi tunacheka tu. Mwishowe mmoja akamwonea huruma: "Mwalimu, programu iko sawa. Ni sisi ndio tuko hivi."

Wenzangu wa kambini hawahitaji maelezo. Kwa ndugu zetu wa mashirika waliofika juzi: mtu akija bila cheti na hajui siku aliyozaliwa, mara nyingi huandikiwa mwaka wa kukadiria, halafu siku na mwezi vinajazwa 1 Januari. Kwa hiyo mwaka mpya hapa ni sikukuu ya kuzaliwa ya mtaa mzima, na keki hakuna.

Swali linalonisumbua, hasa tangu nianze kulipwa kwa kazi hii, ni hili: mtu akijaza pengo kwa jambo asilolijua, kwa sababu tu mashine haisogei mbele bila jibu, je, amesema uongo? Na kama ni uongo, ni wa nani? Mkimbizi alisema hajui. Karani alimsikia. Aliyekataa kusikia ni kile kinyota chekundu kando ya kisanduku, na kinyota hakikujiweka chenyewe.

Sisi waandishi wa programu tunaogopa pengo. Tunaliziba mapema, na chochote tunachozibia baadaye kinaonekana kama ukweli. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970. Ikipewa sifuri mahali pa tarehe, inakuletea siku hiyo bila aibu. Kwenye ramani, rekodi isiyo na mahali hupewa sifuri na sifuri, ikaenda kutua baharini, Ghuba ya Guinea, pale Ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Waprogramu wanapaita kisiwa kwa utani, ingawa kisiwa hakipo. Huko angalau anayesumbuliwa ni samaki. Lakini Marekani kampuni moja iliyokuwa ikikisia mahali zilipo anwani za intaneti ilichagua nukta ya katikati ya nchi kwa zile ilizojua ni za Marekani tu, basi. Anwani zaidi ya milioni 600 zikarundikana hapo. Nukta yenyewe iliangukia kwenye shamba la watu, Kansas. Kwa miaka, polisi na watu wenye hasira walifika shambani wakitafuta wezi na watoto waliopotea. Hadi 2016, baada ya mwandishi wa habari kuianika, ndipo nukta ikahamishiwa ziwani. Hakuna aliyekusudia kuwasingizia wenye shamba. Mtu alihitaji namba, akaweka namba.

Nilipokuwa bado mkalimani, nilikaa meza moja na mama mmoja wa Goma na binti yake. Karani aliuliza tarehe. Mama akasema tarehe hajui, lakini volkano ilipomwagika yeye alikuwa na mimba ya miezi sita, na alikimbilia Gisenyi na tumbo lake. Watu wa Kivu tunaijua siku hiyo: 17 Januari 2002. Hesabu ni ya mtoto wa shule: binti alizaliwa karibu na mwezi wa nne. Lakini kisanduku hakina nafasi ya "karibu na mwezi wa nne". Karani akaandika 1/1/2002. Nilipomtafsiria, mama aliniangalia mimi, hakumwangalia karani: "Mwanangu, kama alishazaliwa mbele ya volkano, mimi mule ndani nilibeba nani?"

Huyu mama hakuwa mtu asiyejua. Alijua kuliko fomu. Na ile miezi mitatu haikuwa mchezo: binti alihesabiwa mtu mzima mapema kwa kiasi hicho, na kulikuwa na msaada wa masomo wa walio chini ya miaka 18 uliofungwa katikati yake.

Baadaye, nikiwa na kompyuta yangu, nilipewa kibarua cha kusafisha orodha ya mradi mmoja. Kanuni niliyoikuta: jina moja, tarehe moja, basi ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili. Ilitoa jozi mamia. Nilikataa kufuta kabla ya kuonana na watu, nikaenda kwa miguu, bloku kwa bloku. Nikakuta wanaume wawili wa jina moja, wote 1 Januari 1985. Mmoja ana watoto watano, mwingine hajaoa. Mashine ilikuwa tayari kuwala wawili hawa na kumtema mmoja, mwenye rashoni moja.

Msimamizi wangu, dada mwenye uzoefu mkubwa, alinijibu vizuri nilipopendekeza kinyota kitolewe. "Ukifungua mlango wa 'haijulikani', kila karani aliyechoka atapitia hapo." Ana haki. Nimeshaona fomu zilizojaa "haijulikani" hata jina la mama ya mtu, na mama amekaa hapo hapo kwenye kiti. Pengo nalo lina wavivu wake.

Nadhani uongo hauko katika kukisia. Bibi zetu walikisia umri wa watoto kwa mavuno na vita, na hakuna aliyedanganyika, kwa sababu kila msikilizaji alijua hayo ni makisio. Uongo unaingia pale tunapofuta neno "takriban" njiani. Kuna hata utaratibu wa kimataifa, tangu 2019, wa kuandika tarehe yenye shaka: 2002-04~. Ile alama ya mwisho inasema "hapo hapo karibu". Alama moja tu.

Kwenye orodha ya wanafunzi wa watu wazima niliyoitengeneza, nimeweka kisanduku kidogo: "imekadiriwa". Wengi wanakipenda. Lakini wiki ya pili alikuja mzee mmoja, 1 Januari kama wengi wetu, akaniomba nisikiguse. "Huko kwenye mahojiano," alisema, "ukisema hujui kitu kimoja, wanaanza kushuku na yale unayoyajua."

Nilimweleza kwamba orodha hii ni ya shule tu, haiendi kwenye mahojiano. Akauliza kama naweza kuapa. Sikuweza. Nikamwambia, "Baba, tarehe ni yako." Kisanduku chake hadi leo kiko kitupu.