Jina Lisubiri

Wajukuu zangu mnaotembea na kamera,

Mkinitumia picha ya ndege swali huwa lile lile: "Babu, huyu ni nani?" Nami huwarudishia maswali yanayowakera: mlimpiga picha wapi, mwezi gani, alikuwa akifanya nini? Mnaona nawazungusha. Lakini picha hunasa kidogo tu. Sauti, mwendo na ukubwa wa ndege hubaki kule kule porini, na mara nyingi jina limo humo.

Chukueni tai wa kahawia. Katika nyika za Serengeti, Mara na Tsavo wapo wawili wanaowatoa jasho hata waongoza watalii wazoefu. Mmoja, Aquila rapax, ni mwenyeji wa mwaka mzima. Wa pili, Aquila nipalensis, ni mgeni: huzaliana huko Urusi, Kazakhstan na Mongolia, akateremka kwetu kuanzia Oktoba na kuondoka kufikia Aprili. Kwa hiyo picha ya Julai imeshajibu sehemu kubwa ya swali kabla hamjatazama unyoya hata mmoja. Novemba, mvua imenyesha, tai wengi wametua chini wakidonoa kumbikumbi kama kuku, hapo mfikirieni mgeni kwanza. Mfikirieni tu, maana mwenyeji naye kumbikumbi hawaachi.

Msikimbilie rangi. Mwenyeji peke yake ana rangi tele, wengine weupe wa mchanga, wengine kahawia iliyokolea, na jua la saa kumi na mbili jioni humpaka kila ndege dhahabu asiyokuwa nayo. Tazameni pembe ya mdomo. Ule mstari wa njano unaotoka mdomoni kuelekea shavuni, kwa mwenyeji hukomea chini ya katikati ya jicho; kwa mgeni hufika hadi usawa wa ukingo wa nyuma wa jicho. Ni alama nzuri, ila ina masharti. Ndege awe amewapa ubavu kamili, kwani akigeuza kichwa kidogo tu mstari unaonekana mfupi. Awe amefumba mdomo, na tai akihema kwa joto hafumbi. Tena kivuli cha tawi kisipite shavuni. Masharti hayo yakikosekana, mstari huo usiwe ushahidi wenu.

Ndiyo maana huwa nawasihi msifute picha mbaya. Mnapenda ile ya tai aliyekaa vizuri, macho yanang'aa. Mimi naitaka ile ya ukungu, akiwa anaruka, mabawa wazi. Mgeni akiwa bado mchanga ana mkanda mpana mweupe unaopita chini ya bawa, na mwenyeji hana. Picha hiyo haitundikwi ukutani, lakini inamaliza ubishi.

Programu za simu sizikatai, hata mimi ninayo. Ila hizo huchagua jina linaloelekeana na mlichozipa. Ukizipa picha iliyoungua kwa jua, zitakuchagulia jina la picha iliyoungua.

Kuna ndege ambao kamera hata iwe ya bei gani haiwafichui. Wale wadogo wa majanini, jamii ya Cisticola, wengi wana michirizi ya kahawia mgongoni, na spishi hii na ile hutofautiana zaidi kwa sauti na mahali wanapokaa kuliko kwa manyoya. Kwao washeni kinasa sauti cha simu, dakika moja yatosha. Msipopata sauti, andikeni "Cisticola" mwishie hapo. Hilo si aibu; aibu ni kuandika jina kamili kwa kubahatisha, na mwingine akaliamini.

Tena msimsogelee aliye kiotani kwa ajili ya picha. Hilo halina mjadala.

La mwisho ni kutunza picha za asili, zisizokatwa wala kuongezwa rangi, pamoja na tarehe na mahali, maana majina hubadilika. Pale Mida, Watamu, kuna vitwitwi wa matopeni ambao vitabu viliwaweka kundi moja, Charadrius mongolus. Miaka ya karibuni wataalamu wamewagawa spishi mbili, wa Siberia na wa Tibet. Wakiwa katika manyoya ya kijivu ya msimu wa ugenini kuwatenganisha kwa picha ni kazi ngumu mno, na miguu iliyojaa tope haisaidii. Lakini mwezi wa Aprili, kabla ya kuondoka, huanza kuvaa manyoya ya kuzalia. Basi mwenye picha za Aprili za zamani azifungue, avute karibu paji la uso: dume wa Tibet huwa na paji jeusi, wa Siberia huwa na weupe uliozungukwa na weusi. Mkiona weupe, nitumieni picha nzima, na ile iliyofuata pia.