Gololi tatu

Jana usiku hapa Sakina, mdogo wangu wa kidato cha tano aliniomba nimtungie swali la uwezekano. Nikasema: mfuko una gololi 38, nyekundu ni 3; ukichomoa moja bila kutazama, je? Akajibu fasta: 3/38.

Ndipo nikashtuka nilikozitoa zile namba. Tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Karatu. Walikufa 35, wakapona watoto 3.

Hesabu ni ileile, ila gololi hazina mama. Uwezekano unajua wangapi. Haujui kwa nini huyu. Anayesema Mungu aliwapenda wale watatu, akawaambie hivyo wazazi wa wengine. Mimi bora ninyamaze.