Mtoto Asiyevumilia Jua: Kosa ni la Nani?



Mtoto akipatwa na ugonjwa usiojulikana, watu hawakawii kuuliza: Nani amefanya hivi? Ndivyo ilivyo huku Rugenge, na ndivyo ilivyo mahali pengi. Mmoja humtazama bibi kizee wa jirani, mwingine hutaja mzimu wa babu. Mara nyingi lawama humwangukia mama, hata akarudishwa kwao. Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza vivyo hivyo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: dhambi ni yake au ya wazazi wake? Bwana wetu aliyakataa yote mawili. Hebu tutazame ugonjwa mmoja unaotusaidia kufahamu jambo hilo.

Waganga huuita zeroderma pigmentosamu. Mtoto huzaliwa mwenye ngozi nzuri. Baada ya mwaka mmoja au miwili, ngozi inayopigwa na jua hukauka na kujaa madoadoa, na macho huumizwa na mwanga. Wengi hupata kansa ya ngozi kabla ya kutimiza miaka 10, kama hawakukingwa. Huyu si albino. Albino hupungukiwa rangi ya ngozi. Huyu anayo rangi, lakini amekosa kitu kingine.

Kitu gani? Nenda pwani asubuhi, wavuvi wa ndagala wanaporudi. Nyavu zimepasuka huku na huku, nao huketi kuzitengeneza. Wavu usiposhonwa leo, hasara ni ndogo. Usiposhonwa mwaka mzima, haufai tena. Basi, ndani ya chembe za mwili wetu mna uzi mwembamba sana uitwao DNA, wenye maagizo ya uhai yaliyoandikwa kwa herufi nne. Kila siku jua huuharibu uzi huo katika ngozi ya kila mtu, kwa kuzigandamanisha herufi mbili zilizo jirani. Lakini mwili una mafundi wake. Fundi mmoja, atokanaye na jeni iitwayo XPC, hupita akitafuta palipoharibika. Wenzake hukata kipande cha herufi karibu 30, hukijaza upya, kisha hufunga. Mwaka 1968 mtaalamu James Cleaver wa Marekani alionyesha kwamba chembe za wagonjwa hawa haziwezi kutengeneza uharibifu huo. Jua lao ni lile lile letu. Fundi ndiye hayupo.

Ugonjwa huu hurithiwa namna gani? Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima yatosha. Kwa hiyo baba na mama waweza kubeba kila mmoja nakala mbovu, wala wasiumwe, wala wasijue. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo amesahau kwamba nusu ya ugonjwa imetoka kwake mwenyewe.

Ulaya wagonjwa hawa ni kama mmoja katika watu milioni. Lakini katika visiwa vya Komoro ni wengi zaidi. Mwaka 2011 waganga walieleza kwamba katika kisiwa cha Maore, kiitwacho pia Mayotte, hufika karibu mmoja katika watu 5,000, nao wana badiliko lile lile moja la jeni ya XPC. Hawakulogwa. Wamerithi herufi moja iliyobadilika kwa babu wa kale.

Mtu atasema: Basi lawama imetoka kwa mchawi, imeingia katika ukoo, tusioe kwao! Hiyo ni hatari ya kweli. Lakini kosa ni tendo la hiari, na hakuna aliyechagua jeni zake. Tena kila mmoja wetu hubeba nakala mbovu za jeni fulani. Ukoo unaocheka leo haujui umebeba nini.

Hata hivyo, kutokuwa na kosa si kutokuwa na wajibu. Mzazi aliyekwisha elezwa na mganga hawezi tena kusema hakujua. Sharti amkinge mtoto na jua, tena awaambie ndugu zake kabla hawajaoa au kuolewa. Kunyamaza kwa sababu ya haya kwaweza kuwa kosa, hali kurithi hakukuwa kosa.

Na sisi majirani? Mwaka 2008 huko Burundi, ng'ambo ya ziwa letu, watu wenye ualbino waliuawa kwa ajili ya ushirikina. Hapo ndipo mawazo ya uongo hufikisha watu. Ugonjwa huu bado haujapata dawa ya kuuponya, lakini nguo ndefu, kofia, miwani myeusi na kivuli huongeza miaka ya mtoto. Ufaransa huwaita watoto wa mwezi, kwa kuwa hutoka nje jua likiisha kuzama. Lakini mama anayeanika ndagala mchangani atamwacha mtoto huyo na nani mchana kutwa? Nani atamfundisha kusoma katika chumba chenye pazia? Nani atawatuma watoto wake wacheze naye jioni?

Tuache kuuliza nani amefanya hivi. Tuulize nani atamsitiri mtoto huyu kesho asubuhi, jua litakapochomoza.