Watoto wa Kasisi wa Eyam

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu niliiandika methali hii ubaoni mara nyingi, nikawataka wanachuo waifafanue. Sikuwahi kuwauliza swali lililojificha nyuma yake: je, mtu aliyepewa dhamana ya watoto wa wenzake ana haki ya kuufuata uchungu huo kwa mwanawe mwenyewe? Swali hilo nilikutana nalo kwanza katika kijiji kimoja cha Uingereza, mwaka 1986. Naomba msomaji anifuate huko kwanza, kisha tutarudi nyumbani.

Mwaka ule nilikuwa masomoni Sheffield. Mzee niliyepanga chumba kwake, mstaafu wa kiwanda cha chuma, alikuwa na desturi ya kwenda kutembea milimani kila Jumapili. Mwanzoni nilimshangaa. Kwetu mtu hutembea kwa kuwa ana pa kwenda. Yeye alivaa mabuti mazito, akachukua ramani na chupa ya chai, akapanda basi hadi mashambani ili atembee tu, kisha arudi alikotoka. Nilifuatana naye kwa adabu ya mgeni, nikaishia kuipenda shughuli ile. Alinionyesha kwamba nchini kwao zipo njia za miguu ambazo sheria inamruhusu kila mtu kuzipita, hata zinapokatiza shamba la mtu binafsi, mradi afunge kila lango alilofungua na asisumbue kondoo. Penye ukuta wa mawe huwekwa vidato vya kuvukia. Sehemu ile, iitwayo Peak District, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, mwaka uleule wa Serengeti yetu, ila vijiji vimo ndani yake na watu wanaishi humo na kulima.

Jumapili moja ya Julai tulikwenda Eyam, katika mkoa wa Derbyshire. Nilisoma jina hilo kama lilivyoandikwa, mzee akacheka na kunisahihisha: hutamkwa "Iim". Ni kijiji cha nyumba za mawe, chenye barabara kuu moja na kanisa la kale. Katika uwanja wa kanisa umesimama msalaba wa jiwe uliochongwa karne ya 8, na hatua chache kutoka hapo lipo kaburi la Catherine Mompesson, mke wa kasisi. Mzee alinisimamisha pale, akanieleza habari ambayo kila mtoto wa eneo lile anaijua.

Mwaka 1665, London ikiwa imeshikwa na tauni, fundi wa nguo wa kijijini alipokea mzigo wa vitambaa kutoka huko. Msaidizi wake, George Viccars, aliufungua, na mnamo Septemba akafariki. Inaaminika kwamba viroboto walisafiri ndani ya mzigo. Ugonjwa uliruka nyumba hata nyumba, na wenye uwezo wakaanza kuhama. Mnamo Juni 1666 kasisi wa kijiji, William Mompesson, ambaye hakuwa amefikisha miaka thelathini, aliwaomba watu wake neno zito: pasiwe na mtu wa kutoka tena, ili tauni isifike vijiji vya jirani. Alikuwa mgeni, na wengi hawakumpenda. Basi alimwomba Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyeondolewa kwa kuukataa utaratibu mpya wa ibada, asimame pamoja naye. Mahasimu wawili walisimama bega kwa bega, na watu wakakubali.

Siku ile tuliipita mipaka yao kwa miguu. Kwenye njia iendayo kijiji cha Stoney Middleton lipo jiwe lenye vishimo. Watu wa Eyam walitia humo sarafu ndani ya siki, wakidhani siki inaua ugonjwa. Watu wa nje wakaacha chakula na kuchukua fedha. Kabaila mkubwa wa eneo lile, Earl wa Devonshire aliyekaa Chatsworth, naye alipeleka mahitaji. Kanisa lilifungwa, ibada zikafanyika bondeni, mahali paitwapo Cucklet Delf, kila familia ikisimama mbali na nyingine. Hadi leo, Jumapili ya mwisho ya Agosti, hufanyika pale ibada ya kumbukumbu. Kila ukoo ulizika watu wake wenyewe. Tulipanda mlima hadi makaburi ya Riley, yaliyozungushiwa ukuta wa mawe katikati ya malisho. Hapo Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, Agosti 1666. Hadi tauni ilipokoma mwishoni mwa mwaka huo, Eyam ilikuwa imepoteza watu 260, naye Catherine alikuwa mmoja wao. Vijiji vya jirani vilisalimika.

Tulipokaa kunywa chai, mzee alinitajia jambo alilolibakiza. Kabla ya mpaka kuwekwa, Mompesson alikuwa amewapeleka watoto wake wawili Yorkshire. Alitaka mkewe aende nao, mke akakataa.

Nilimwambia mzee bila kusita kwamba kasisi yule alikuwa mnafiki. Alimwomba Elizabeth Hancock abaki na wanawe sita, na wake mwenyewe walikuwa salama. Mzee alikoroga chai yake, akaniuliza, "Wewe una watoto?" Nikamjibu kwamba bado. Hakuongeza neno.

Nyani haoni kundule. Mwaka 1997 kipindupindu kilienea katika mikoa mingi ya nchi yetu, nami wakati huo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Jioni moja wanachuo watatu walianza kuharisha. Mganga wa wilaya alinishauri nisiruhusu mtu yeyote kutoka, wasije wakaupeleka ugonjwa vijijini kwao. Lango lingefungwa asubuhi. Usiku ule nilimwamsha mwanangu wa miaka tisa, nikampakia katika lori lililokuwa limetuletea mahindi, aende kwa shangazi yake. Mama yake alibaki, kama Catherine. Asubuhi nilisimama mstarini mbele ya wanachuo wote nikawaambia, "Sisi ni familia moja. Hakuna atakayetoka." Walinyamaza, wakatii.

Siku ya tano mmoja wao alifariki. Baba yake alikuja kwa baiskeli. Mabwana afya walikuwa wameamuru azikwe palepale, naye alisimama mbali kama alivyoagizwa, kofia mkononi. Mazishi yalipokwisha nilimwendea kumpa pole. Alinisalimu kwa utaratibu wote wa kikwetu, kama mtu anayeshika desturi ili asianguke. Akauliza, "Na wewe mwalimu, watoto hawajambo?"

Nikajibu, "Hawajambo."

Tangu siku ile nimemfikiria Mompesson kwa namna nyingine. Yapo ya kumtetea. Watoto wake waliondoka njia ikiwa bado wazi. Lakini hata wangu aliondoka njia ikiwa wazi. Lango lilifungwa asubuhi. Tena njia iliyo wazi humfaa mwenye ndugu wa kumpokea na nauli ya kumfikisha. Kwa fukara wa Eyam njia ile ilikuwa wazi kwa jina tu. Utetezi huo haunitoshi.

Tofauti naiona mahali pengine. Katika kijiji kama kile, watoto wawili wa kasisi hawawezi kukosekana bila kila mtu kujua. Mompesson aliposimama mbele ya watu wake, walijua nani hayupo. Waliupima udhaifu wake, wakaipima na hatari ya majirani, wakaamua kubaki. Uamuzi ulikuwa wao, na ndiyo maana heshima ya Eyam ni ya wale 260 kuliko ya kasisi. Wanachuo wangu sikuwapa nafasi hiyo. Niliwaambia sisi ni familia moja, hali mmoja wa familia nilikwisha mtorosha gizani.

Msomaji ataniuliza, ulipaswa kumbakiza mtoto? Mzazi ndani yangu mpaka leo hawezi kusema ndiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba kama ningetangaza asubuhi ile kwamba wangu ameondoka, kila mmoja angedai vivyo hivyo, na lango lisingefungika. Hapo ndipo penye kipimo. Nafuu ambayo kiongozi hawezi kuitaja mbele ya anaowaamuru, bila amri yake kuanguka, ameichukua mifukoni mwao. Mwaka 2020, wakati wa korona, wapo viongozi katika nchi mbalimbali walioonekana kuzivunja amri zao wenyewe. Nilipowasikia watu wakiwalaani, nilikaa kimya.

Mwanangu sasa ni baba wa watoto wawili. Juzijuzi nilimsimulia habari ya lori lile, kwani yeye alikumbuka tu baridi ya usiku na harufu ya magunia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza jina la yule kijana aliyefariki. Nililitaja, na la baba yake pia. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwomba, kwa kuwa haikuwa kazi yake kunisamehe.