Kuzuru Ardhi Iliyopasuka

Ama baada ya hayo. Mtu atokaye Bariadi akapita Meatu mpaka Ziwa Eyasi, huona genge refu: huku ardhi imesimama, kule imezama, na ziwa li chini yake. Kulitazama kwa kuzingatia ni ibada.

Lakini ng'ambo ya Ziwa Viktoria, huko Bukoba, zilzala ya tarehe 10 Septemba 2016 iliangusha nyumba, wakafa watu zaidi ya kumi. Mwenye kuzuru nyufa zile akanena, "Haya ni madhambi yao," amekosa. Mtume (s.a.w.) alipopita Hijri aliwakataza Masahaba wasiingie ila hali wanalia, na adhabu ya Thamudi imethibiti kwa wahyi! Ama afaye chini ya ukuta, yeye Mtume amemhesabu katika mashahidi. Basi msafiri huyu hukumu yake kaipata wapi? Na mjane je, alimwuliza analala wapi?