BANGILI ILIYOVULIWA: NANI ALIIVUA, NA KWA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Ijumaa hii tunaleta swali juu ya kitu kidogo chenye uzito mkubwa: bangili ya dhahabu iliyokwisha kuvaliwa na mwingine. Je, Muislamu anaweza kuinunua? Anaweza kununua ya pili, ya tatu na ya kumi, akazikusanya sandukuni? Na kama anaweza, je, Mola wake atamuuliza nini juu yake?

Huko Paris kuna nyumba ya masonara iitwayo Cartier, iliyoanzishwa mwaka 1847. Mwaka 1969, mjini New York, msanii wao Aldo Cipullo alibuni bangili ya dhahabu ya vipande viwili inayofungwa kwa skrubu, ikiwa na bisibisi yake ndogo, ili isivuliwe kirahisi. Leo watu wenye mali duniani wanatafuta bangili za nyumba kama hizo zilizokwisha kuvaliwa, wanazinunua moja moja na kuziweka. Hapa kwetu Majengo wenye uwezo wa kununua ile ya asili ni wachache, na nyingi za skrubu unazoziona sokoni ni za kuiga. Lakini tabia yenyewe hatuikosi. Mwenye uwezo hununua bangili iliyovaliwa iliyotoka Dubai, nyingine iliyotoka Kampala, na nyingine iliyotoka kwenye mkono wa mama jirani wa kartie hii hii. Sanduku linajaa polepole.

Tuanze na jibu la sheria. Kununua kitu kilichotumika ni halali, na dhahabu haichafuki kwa kuvaliwa. Katika Sahihi Muslim imesimuliwa kwamba Fadala bin Ubayd (R.A.) alinunua siku ya Khaybar mkufu wenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipoutenganisha akakuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) akafundisha kwamba mkufu wa namna hiyo usiuzwe mpaka dhahabu itenganishwe. Tazama: hakumlaumu kwa kununua kilichotumika. Alisahihisha mizani.

Wasimulizi wa sira wametuachia pia habari ya Suraqa bin Malik. Wakati wa Hijra, mwaka 622, alimfuatilia Mtume (S.A.W.) ili apate ngamia 100 walioahidiwa na Makureshi. Farasi wake akazama mchangani, naye akaomba amani. Mtume (S.A.W.), akiwa mkimbizi asiye na mji, akambashiria kwamba siku moja atavaa bangili za Kisra, mfalme wa Waajemi. Miaka ikapita. Madain ikafunguliwa mwaka 637, katika ukhalifa wa Umar bin Khattab (R.A.), na hazina ya Kisra ikaletwa Madina. Umar akamwita Suraqa, akamvisha bangili zile mbele ya watu, akamshukuru Allah aliyezivua kwa Kisra na kumvisha bedui. Wanazuoni wameeleza kwamba hakuzivaa kuwa pambo, kwa kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Alivishwa ili ahadi ya Mtume (S.A.W.) ionekane imetimia.

Bangili zile zilikuwa za nyumba kubwa kuliko nyumba zote za wakati ule. Lakini Umar alipoziona, alikumbuka kwanza mkono uliovuliwa. Hapo ndipo penye somo letu, ewe ndugu yangu. Kila bangili iliyovaliwa ina habari ya mkono ulioiacha. Wewe unayeivaa leo, na wako utaiacha. Hata ile yenye skrubu itafunguliwa na yule atakayekuosha.

Sasa tuje nyumbani. Mji wetu umejua siku ambazo watu huvua dhahabu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kula nyumba na maduka. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitema tena, na siku chache baadaye, tarehe 27 Mei, watu waliamriwa kuhama. Wakaenda Sake, Rutshuru, Gisenyi na Bukavu na kile walichoweza kubeba. Mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, banki zilifunga milango, na mwenye pesa banki akawa sawa na asiye nazo. Siku kama hizo, banki ya mama ni bangili yake. Pengine ni mahari yake, pengine aliachiwa na mama yake. Anaifunga kwenye kitambaa, anabisha mlango wa mwenye uwezo, anataja bei ambayo mwezi uliopita asingeikubali.

Mwenye uwezo anasema: «Sikumlazimisha. Alikuja kwa miguu yake. Nisingenunua mimi, watoto wake wangekula nini?» Maneno haya tusiyadharau, maana yana ukweli. Aliyekuja na shida akaondoka na dola mkononi amesaidika, na anayekataa kabisa kununua hakumsaidia chochote. Kununua hakuna dhambi. Kesi ya huyu ndugu iko katika bei, na katika kile ambacho moyo wake unakingojea.

Kuhusu bei, mtazame sahaba Jarir bin Abdillah (R.A.). Alikuwa amempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Imepokewa kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirham 300. Jarir akamwendea mwenye farasi, akamwambia farasi wako ana thamani zaidi ya hiyo. Akaendelea kuongeza mwenyewe mpaka ikafika 800. Muuzaji alikuwa ameridhika na 300! Lakini Jarir alijua kwamba kuridhika kwa asiyejua, au kwa mwenye dhiki, si mwisho wa mambo. Na imamu Al-Khattabi, aliyefasiri hadithi za Abu Daud, ameeleza kuhusu anayelazimika kuuza mali yake kwa hasara kwa sababu ya deni au shida: mauzo yanasihi, lakini dini na utu vinataka asaidiwe, akopeshwe na kungojewa mpaka apate wepesi.

Basi jiulize: mama huyu amekuja kuuza, au amekuja kutafuta unga? Kama shida yake ni ya mwezi mmoja, sheria imekupa mlango bora kuliko kununua. Mlango huo ni rahani. Mkopeshe, uweke bangili yake kama amana ya deni. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alifariki deraya yake ikiwa rahani kwa Myahudi wa Madina kwa pishi 30 za shayiri. Aliyekuwa kiongozi wa umma mzima hakuona aibu kuweka rahani, na wewe usione uzito kuipokea. Ila chunga: bangili ya rahani haivaliwi arusini. Ukiivaa umechukua faida juu ya mkopo, na hiyo ni harufu ya riba. Ifunge, iandike, weka mashahidi. Akileta deni lake, mrudishie kama ilivyokuwa. Na Suratul-Baqara, aya ya 280, inatuagiza kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki, na inatufundisha kuwa kumsamehe ni bora zaidi.

Kuhusu moyo, hapa ndipo mkusanyaji ana hatari ambayo mnunuzi wa kawaida hana. Anayetaka bangili moja ya binti yake akishaipata ametosheka. Anayekusanya hatosheki, kwa kuwa starehe yake iko katika ile inayofuata. Na kama anakusanya zile zilizovuliwa kwa bei ya chini, basi ile inayofuata haiji mpaka mtu mwingine apate shida. Bila kusema neno, anaanza kungojea. Anasikia mume wa fulani amefukuzwa kazi, na kabla ya kumwombea dua anakumbuka mkufu wa mke wake. Ewe ndugu yangu, moyo unaopata riziki kwenye msiba wa jirani utaanza kuupenda msiba. Suratul-Humaza imemtaja mtu wa kukusanya na kuhesabu-hesabu, anayedhani mali yake itamfanya aishi milele. Mkusanyaji na ajitazame katika sura hiyo fupi ambayo hata watoto wetu wa madrasa wameihifadhi.

Kuna atakayesema: dhahabu yote ya dunia ina habari za machozi, sasa tusivae? Ni kweli. Kabla ya mama aliyeivaa kulikuwa na mchimbaji, pengine wa Kamituga au Mongbwalu. Mwaka 2022 wizara ya fedha ya Marekani ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu ya Kongo hutoka nchini kwa magendo, ikisafishwa katika nchi jirani na kuishia hasa Falme za Kiarabu. Kwa hiyo inawezekana dhahabu ya milima yetu imerudi kwako na jina la Paris juu yake. Lakini Allah (S.W.) haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Mkono wa mchimbaji huwezi kuufuatilia. Mkono wa mama aliyesimama mlangoni pako unauona kwa macho yako, na huo ndio utakaoulizwa.

Ndugu Waislamu, tukumbushane pia hukumu nne ambazo wengi wanazikosea.

Kwanza, kubadilishana dhahabu kwa dhahabu. Ukimpelekea sonara bangili kuukuu za gramu 50 akupe mpya za gramu 40, hiyo ni riba kwa kauli ya wanazuoni walio wengi. Dhahabu kwa dhahabu ni uzito sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Uza ile kuukuu kwanza, pokea pesa yako, kisha nunua mpya.

Pili, kununua dhahabu kwa deni. Wanazuoni wengi wa leo wamehesabu pesa za karatasi kama zilivyokuwa dinari na dirham. Kwa hiyo toa pesa na upokee bangili katika kikao kimoja. «Chukua, utaniletea Jumatatu» haifai katika dhahabu.

Tatu, mali iliyoporwa. Baada ya vurugu, vitu huuzwa kwa bei ya ajabu na watu wasiojulikana. Ukijua au ukidhani kwa nguvu kwamba bangili imeporwa, kuinunua ni kushirikiana na aliyepora. Na ukinunua bila kujua, kisha mwenyewe akathibitisha kuwa ni yake, mrudishie, nawe umdai aliyekuuzia.

Nne, zaka. Maimamu wametofautiana juu ya bangili anayoivaa mwanamke: kwa Imamu Abu Hanifa ina zaka, na maimamu wengine watatu wanasema pambo la halali la kuvaliwa halina. Lakini iliyowekwa sandukuni kama akiba si pambo tena, na ndiyo hali ya mkusanyaji. Nisabu ni gramu 85 za dhahabu safi. Karati 18 ni robo tatu ya dhahabu safi, basi bangili ya gramu 38 ina gramu 28.5. Bangili tatu kama hizo zinafikia gramu 85.5, yaani nisabu imetimia. Ukiwa nazo nne kwa mwaka mzima una gramu 114 safi, na zaka yake ya asilimia 2.5 ni gramu 2.85. Kama umezinunua ili uziuze, hiyo ni biashara: piga hesabu kwa bei ya soko, na jina la nyumba iliyozitengeneza likiwa ndani ya bei hiyo. Abu Daud amepokea kwamba mwanamke alikuja na binti yake aliyevaa bangili mbili nzito za dhahabu, na Mtume (S.A.W.) akamuuliza kama anazitolea zaka. Alipojibu hapana, alimwonya kwa bangili za moto. Mwanamke akazivua pale pale, akazitoa kwa ajili ya Allah na Mtume wake.

Angalia tofauti, dada yangu. Kuna mkono unaovua kwa njaa, kuna mkono unaovuliwa na mauti, na kuna mkono unaovua wenyewe kwa kumcha Allah. Huo wa tatu ndio wenye heri, na mlango wake bado uko wazi kwako leo.

Basi ukirudi nyumbani baada ya sala, fungua sanduku lako. Shika kila bangili, ukumbuke nani aliivua na kwa nini. Uliyoinunua kwa bei ya haki, vaa au mvishe mke wako, na mshukuru Mola wako. Uliyoinunua kwa bei ya dhiki, mwenyewe bado yuko Majengo, unamjua: mwongezee kilichopungua, au mrudishie akurudishie pesa yako kidogo kidogo. Na zile zilizolala miaka bila zaka, zitolee zaka. Maskini wake hawako mbali.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu. Usiifanye riziki yetu kuwa katika msiba wa jirani zetu. Wape wepesi waliovua kwa dhiki, uwarudishie kilicho bora. Upe mji wetu amani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karatasi hii ina jina la Allah. Tafadhali usiitupe ovyo. Ukimaliza kuisoma mpe jirani yako.